Duka Limefungwa: Historia ya Baadhi ya Istilahi za Biashara ya Rejareja

Miaka michache iliyopita lililetwa ofisini kwetu tangazo la kurasa mbili lililokwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, ili tulithibitishe kabla ya kupigwa chapa. Lilihusu kampuni moja ya maduka iliyoshindwa kulipa madeni yake. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba Mahakama imemteua mufilisi wa kampuni hiyo, na ya pili ikawataka wadai wote wafike mbele ya mufilisi huyo wakiwa na hati zao. Aliyelileta tangazo hakuona kosa lolote. Lakini mufilisi ni mtu aliyefilisika. Kwa hiyo watu walikuwa wakiambiwa kwamba Mahakama imemchagua mtu asiye na kitu, na kwamba waende wakamdai yeye. Tulifuta herufi moja, mufilisi akawa mfilisi, yaani mwenye kazi ya kukusanya mali ya kampuni, kuiuza na kuwagawia watu fedha zao, tukadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mzee mmoja wa Lushoto, aliyekuwa akiipelekea kampuni hiyo karoti na kabichi kwa mkopo, alifika kumwona mwenzetu mmoja ambaye ni mtoto wa ndugu yake. Mwenzetu akamsomea rasimu ile. Alipofika kwenye neno wadai, mzee alimkatiza.

"Mwanangu, mdai si yule anayefungua kesi? Mimi sina kesi na mtu, wala sina fedha za wakili. Nataka fedha za karoti zangu."

"Hapana, Baba Mkubwa. Hapa maana yake ni mtu anayedai fedha zake tu."

"Basi mngesema hivyo."

Mzee hakukosea. Katika mahakama zetu mdai ni mwenye kufungua shauri la madai, na mdaiwa ndiye anayefunguliwa. Kama angelilisoma tangazo lile akiwa peke yake nyumbani kwake, asingelikwenda.

Makala haya yanakusudia kuyatazama maneno tunayoyatumia kwa maduka tangu yanapofunguliwa hadi yanapofungwa. Msomaji ataona kwamba kwa upande wa kufungua tumejaliwa maneno mengi, na kwa upande wa kufunga tuna upungufu mkubwa. Upungufu huo haukutusumbua sana zamani, sheria za makampuni zilipokuwa zikiandikwa na kusomwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara, hatuna tena udhuru.

Neno duka lenyewe asili yake ni Kiarabu, nalo lilitumika pia katika lugha za wafanyabiashara waliokuja pwani yetu kutoka Kachi na Gujarati. Kabla ya duka kuenea bara palikuwa na gulio, yaani mahali pa watu kukutana kwa siku maalumu, na palikuwa na uchuuzi, ambapo bidhaa humfuata mnunuzi. Duka lilileta jambo jingine: mlango unaofunguliwa kila siku, na mwenye duka aliyekaa nyuma ya meza akingoja. Pamoja na mlango huo ziliingia hundi, laki na gunia, maneno ambayo leo hakuna ayaonaye kuwa ya kigeni.

Aliyeupeleka mlango huo mbali kuliko wote alikuwa Allidina Visram, mzaliwa wa Kachi, aliyefika pwani yetu angali kijana katika miaka ya 1860. Alifanya biashara Bagamoyo, akaifuata njia ya misafara kwenda bara, kisha akaifuata reli ya Uganda, akiweka duka palipokuwa na kituo chenye watu. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa na matawi katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na Uganda. Himaya hiyo haikudumu sana baada yake. Wanaoona kufa kwa makampuni makubwa ya maduka kuwa balaa la karne hii wangefaa kuanza kuhesabu kutoka hapo.

Nimetumia neno matawi kwa makusudi. Siku hizi wafasiri wengi huandika "mnyororo wa maduka", wakifuata taswira ya lugha wanayoitafsiri. Kwa msikilizaji wa Kiswahili mnyororo ni wa mtumwa, wa mfungwa au wa baiskeli. Duka haliingii humo. Kiswahili kimekwisha kuchagua mti: kampuni ina makao makuu na ina matawi, kama benki na kama chama. Taswira hiyo ina faida ya kueleza jambo ambalo mnyororo hauwezi kulieleza. Tawi moja likikatwa, mti huishi. Shina likioza, hukauka hata yale matawi yaliyokuwa yakizaa. Ndivyo ilivyotokea Kenya, kama tutakavyoona. Kwa hiyo pendekezo letu ni kampuni ya maduka yenye matawi, au kwa ufupi maduka ya matawi, na mnyororo tuwaachie mafundi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya kuagiza na kusafirisha bidhaa, ikaunda Shirika la Biashara la Taifa. Mwaka 1973 kazi zake za ugawaji zilihamishiwa kwenye makampuni ya biashara ya mikoa, ambayo wananchi waliyajua kwa herufi tatu tu, RTC. Kipindi hiki kilizaa maneno kwa wingi: duka la ushirika, duka la kijiji, bidhaa muhimu, kibali, mgawo. Kilizaa pia mlanguzi, neno lililotoka kwenye kulangua, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kuuza au kununua kwa bei kubwa, na sasa likawa jina la mtu wa kukamatwa.

Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Nia yake ilikuwa kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka maduka ya umma badala yake. Katika sehemu nyingi yale ya kwanza yalifungwa kabla ya haya ya pili kuwa tayari, bidhaa zikapungua upesi, na Serikali yenyewe ikaisitisha operesheni hiyo mwaka uleule. Kwa mwanaistilahi tukio hili lina somo la sarufi. Duka lililofungwa na mwenyewe jioni, duka lililofungwa kwa sababu ya msiba, duka lililofungiwa na mamlaka, na duka lisilofunguliwa tena, yote manne huandikwa mlangoni kwa neno moja: limefungwa. Kauli ya kutendewa inamficha aliyetenda na inauficha muda. Kiswahili kina njia ya kuyatenganisha. Kufungia ni tendo la mamlaka. Kufunga kwa muda ni la mwenye duka. Kufunga moja kwa moja ni la kudumu. Wanaoandika matangazo ya Serikali wanaombwa kuizingatia tofauti hii, maana mfanyakazi anayesoma mlangoni kwamba mahali pa kazi yake pamefungwa ana haki ya kujua kama arudi kesho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa uhaba mkubwa wa bidhaa, lilikuja duka la kaya, ambako kila kaya ilipata sehemu yake ya sukari, unga na sabuni. Sisi tuliozaliwa baadaye tunalijua kwa masimulizi ya wazazi, ambao hadi leo hulitaja kwa kicheko chenye uchungu ndani yake. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984 maduka hayo yalitoweka kidogo kidogo, na katika miaka ya 1990 makampuni ya RTC nayo yakabinafsishwa au kufungwa. Mitaani hayakusemwa kuwa yamefilisiwa. Yalisemwa kuwa yamekufa. Hili ndilo neno la wananchi kwa taasisi yoyote inayokoma: kiwanda kimekufa, ushirika umekufa, shirika limekufa. Ni neno zuri na wazi, ila sheria haiwezi kulitumia, kwa kuwa kampuni haifi siku moja. Hufa kwa hatua, na kila hatua ina haki zake.

Kenya ilikuwa imeshika njia nyingine. Mwaka 1975 mashirika ya umma ya nchi hiyo yalianzisha kampuni ya maduka ya kujihudumia, yakaipa jina la Uchumi. Neno supamaketi likaenea pamoja nayo, ingawa magazeti ya Nairobi na Mombasa yalipenda, na bado yanapenda, duka kuu. Mwezi Juni 2006 kampuni hiyo ilifunga milango chini ya madeni. Mwenye kusikiliza redio bila makini angeweza kudhani kwamba ni uchumi wa nchi uliofungwa. Kilichomwokoa ni upatanisho wa kisarufi tu: uchumi wa nchi umefungwa, lakini kampuni ya Uchumi imefungwa. Mwezi uliofuata ikafunguliwa tena, ikaendelea kwa miaka, na mwezi Oktoba 2015 ikafunga matawi yake yote ya Tanzania na Uganda.

Nakumatt ilikua kubwa kuliko hiyo. Jina lake limeunganishwa kutokana na mji wa Nakuru na magodoro, maana familia iliyoianzisha ilianza kwa kuuza magodoro mjini humo. Tuskys, kampuni nyingine kubwa ya Kenya, nayo ilitokana na magodoro ya eneo hilohilo. Sijapata kuelewa kwa nini godoro lilikuwa mlango wa kuingilia katika biashara ya unga na maziwa. Nakumatt ilifikia matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilinunua maduka matatu ya Shoprite ya Afrika Kusini yaliyokuwa hapa Tanzania.

Namna biashara hiyo inavyokwenda inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayoamua ni istilahi zipi tunazihitaji. Mteja wa supamaketi hulipa taslimu. Mwenye kupeleka mayai, maziwa au karoti husubiri siku 30, 60, hata 90. Katika muda huo fedha za bidhaa zimo mikononi mwa kampuni, nayo huweza kuzitumia kwa jambo lolote, hata kufungua tawi jipya. Maadamu matawi yanaongezeka na mauzo yanapanda, fedha za mwezi huu hulipa deni la miezi iliyopita. Mauzo yakisimama, mlolongo huo hukatika. Wapeleka bidhaa husita kupeleka, rafu huanza kuwa tupu, wateja huona rafu tupu na kwenda kwingine, na mauzo hushuka zaidi. Wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam waliyaona hayo mwaka 2017 kwa macho yao: duka lenye ukubwa wa uwanja, taa zote zikiwaka, na safu nzima ya rafu imepangwa chupa za maji tu.

Mwezi Januari 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, kwa sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 iliyokuwa bado mpya. Mwezi Januari 2020 waliokuwa wakiidai kampuni walipiga kura ivunjwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Fedha hizo za matawi sita hazifiki shilingi mbili kwa kila shilingi mia za deni, na katika mstari wa malipo benki zenye rehani hutangulia. Mwenye mayai yuko mwisho. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa imerekebisha sheria yake ya ushindani ili kuzuia wanunuzi wakubwa wasiwaonee wanaowauzia, lakini kwa wengi ng'ombe walikuwa wamekwisha kutoka zizini.

Magazeti ya Kiswahili yaliieleza miaka hiyo kwa kitenzi kimoja, kufilisika. Tuyatenganishe mambo. Kufilisika ni hali: mali haitoshi kulipa deni. Mzizi wake katika Kiarabu ni uleule wa fulusi, yaani fedha. (Mvuvi wa pwani atasema fulusi ni samaki, naye ana haki yake.) Usimamizi ni hatua ya kwanza ya kisheria, ambapo mtu aliyeteuliwa huiendesha kampuni kwa kusudi la kuiokoa, na wanaoidai hawaruhusiwi kukamata mali yake kwa muda huo. Ufilisi ni hatua ya pili, ambapo matumaini ya kuokoa yamekwisha na mfilisi anauza. Kuvunjwa ni hatua ya mwisho, jina likafutwa katika daftari la makampuni. Mpeleka karoti ambaye hajui yuko katika hatua gani hajui kama aendelee kupeleka karoti, asubiri, au akimbilie kuandikisha deni lake.

Neno usimamizi lina kasoro. Msimamizi katika duka ni mkuu wa zamu; kwenye familia ni msimamizi wa mirathi. Mfanyakazi akisikia kwamba kampuni imepata msimamizi huenda akafurahi kwamba bosi amebadilishwa. Sheria zetu zina neno la zamani lenye heshima zaidi. Kabidhi Wasii Mkuu ni cheo ambacho kingali hai hadi leo, katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na kabidhi ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake. Tunapendekeza kabidhi wa kampuni. Najua wapo watakaosema neno hili linanuka vumbi la majalada. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake, kwa sababu hakuna atakayelichanganya na mkuu wa zamu.

Kwa wadai pendekezo letu ni la kizamani zaidi. Watu wa pwani wana kitenzi kuwia, chenye maana ya kuwa na haki ya kulipwa deni, na kutokana nacho mwia ni anayedai na mwiwa ni anayedaiwa. Maneno haya hayana harufu ya kesi. Kasoro yake ni kwamba yanatofautiana kwa herufi moja tu, na sisi tulioanza kwa kulalamikia mufilisi na mfilisi tunapaswa kuona aibu kidogo. Kwa hiyo tumekubaliana kutumia mwia peke yake, na upande wa pili kubaki na mdeni, neno ambalo kila mtu analijua. Tangazo lile lilirudishwa likiwa na mfilisi na wawia, na chini yake maelezo ya mstari mmoja kwamba kuandikisha deni hakuhitaji wakili. Mzee wa Lushoto alikwenda na hati zake. Habari ya mwisho niliyoisikia ni kwamba hajalipwa.

Yabaki majengo yaliyokuwa yakiyabeba maduka hayo. Wengi sasa husema moli. Asili ya neno hilo ni mchezo wa zamani wa Ulaya wa kupiga mpira kwa nyundo ya mti; njia iliyochezewa mchezo huo London ikabaki na jina, kisha njia yoyote ya kutembea kivulini ikaitwa hivyo, na hatimaye Wamarekani wakalipa jina hilo jumba la maduka yanayotazamana ndani. Jumba la kwanza la namna hiyo lililofunikwa lote, Southdale, lilifunguliwa jimboni Minnesota mwaka 1956, kwa ramani ya Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyetaka kuwapa watu mahali pa kukutana kama katikati ya mji wake, na ambaye baadaye aliyakana yale yaliyojengwa kwa mfano huo. Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983. Dar es Salaam ilipata Mlimani City mwaka 2006, katika ardhi ya Chuo Kikuu.

Kwa bahati mbaya dhana hii ilihitaji jina la Kiswahili kwa haraka siku ya msiba. Magaidi walipoishambulia Westgate ya Nairobi mwezi Septemba 2013 na kuua watu 67, watangazaji wa idhaa zote za Kiswahili walilazimika kuchagua neno papo hapo. Wengine walisema jumba la biashara, wengine jengo la maduka. Jumba la biashara ni pana mno, maana hata benki ni jumba la biashara. Tunaunga mkono jumba la maduka. Moli haitakatazika katika mazungumzo, wala sioni haja ya kulikataza.

Katika jumba kama hilo duka moja kubwa ndilo linalowaleta watu, na maduka madogo huishi kwa wapita njia wake. Mfasiri mmoja alituletea "duka la nanga". Tulilikataa. Nanga hukizuia chombo kisiende. Duka hili kazi yake ni kuvuta. Mpangaji mkuu linatosha, na lina ukweli ndani yake, kwamba hata mkubwa ni mpangaji tu na anaweza kuhama. Mpangaji mkuu wa Westgate alikuwa Nakumatt. Jumba lilipofunguliwa tena mwaka 2015 ilirudi, kisha ikaanguka. Mwezi Desemba 2018 nafasi yake ikachukuliwa na Shoprite, na mwaka 2020 Shoprite nayo ikatangaza kuondoka Kenya. Marekani nako Sears, iliyokuwa mpangaji mkuu wa majumba mengi kwa vizazi viwili, iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwezi Oktoba 2018. Wenye majumba wamejifunza kuwakatia wapangaji wakubwa nafasi ndogo zaidi, na kuweka kliniki, kumbi za mazoezi na migahawa palipokuwa na rafu. Carrefour, inayoendeshwa katika eneo letu na kampuni ya Dubai, iliingia Kenya mwaka 2016 na ikachukua baadhi ya nafasi zilizoachwa, Nairobi na Kampala. Duka la Mpemba au la Mchaga pembeni ya barabara halijahama.

Imebaki dhana moja ambayo hatujaipatia neno. Kampuni ya Jumia, iliyouza kwa njia ya mtandao, ilisimamisha shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Vyombo vya habari viliandika kwamba imefungwa. Lakini duka la mtandaoni halina mlango, halina kufuli wala mahali pa kubandika tangazo, na mteja aliyekwisha kulipa hana kizingiti cha kwenda kusimama. Limependekezwa kuzimwa, kama taa au redio, likapingwa kwa sababu kinachozimwa hutarajiwa kuwashwa tena. Limependekezwa pia kuondolewa. Wasomaji wenye neno bora, hasa wale waliowahi kulitafuta wakiwa na risiti mkononi, wanaombwa waliandikie Baraza kabla ya toleo lijalo.